Mlaji Hakula

Benchi liko nje ya duka la mashine za kufulia, Weston Road, Mount Dennis, huku ughaibuni, na kila Jumamosi mchana wahamiaji watatu hulikalia na vikombe vya kahawa, kurekebisha dunia ambayo haijawaomba. Siku hiyo walitunga barua ya kuliomba jimbo libadili sheria: kiwanda kikikuuzia kitu kibovu kikakuumiza, kikulipe bila wewe kuthibitisha uzembe wake. Aziz wa Tanga aliitwa Wakili kwa sababu aliwahi kubishania faini ya kuegesha gari, akashindwa. Chelagat wa Eldoret, aliyeitwa Spika, alishika kalamu. Katikati yao alikaa Léonard wa Bukavu. Wiki tatu nyuma sufuria ya presha ilirusha mfuniko, ikamuunguza mkewe Donatienne mkono wa kulia, ule anaowanyanyulia wazee kazini.

— Andika, Aziz akasema. "Sheria ya Kumlinda Mlaji."

— Mlaji? Léonard akashtuka. Bibi yangu hakukula kitu. Alikuwa anapika tu.

— Mlaji ni mnunuzi, ndugu yangu. Kiswahili hicho.

— Sufuria alinunua dada yake.

— Basi mlaji ni dada yake.

— Na mwenye aliungua?

Aziz akanywa kahawa, dalili kwamba hajui.

— Huyo mpishi. Mpishi ana sheria yake.

— Wacha zako, Chelagat akasema. Mwenye kiwanda aletwe koti, apike maharagwe na hiyo sufuria mbele ya jaji.

— Na jaji asimame karibu, Aziz akadakia.

— Akionja, yeye ndiye mlaji.

Wakacheka. Léonard naye alicheka kidogo. Angalau kuna watu waliokuwa upande wake, kwa namna yao.

Donatienne akatoka na kikapu cha nguo, mkono mmoja kwenye bendeji. Chelagat akamsomea barua yote.

— Ni nzuri, Donatienne akasema. Mama mmoja wa ofisi ya msaada wa sheria amepiga simu. Fundi wao anataka kuangalia mfuniko, ndio ushahidi. Sufuria iko wapi?

Aziz akachungulia kikombe chake. Léonard aliona aibu hadi masikioni. Siku ile ya hospitali hakutaka mkewe aione tena. Aliiosha, akaing'arisha, akaitoa nje, tena kwa ushauri wa Wakili.

— Lori ya takataka ilibeba, akasema.

Donatienne akaashiria barua kwa kidevu.

— Basi mlaji wenu ni ile lori. Andikeni hivyo.

Léonard akainuka, akampokea kikapu.