Historia ya Modesta, Aliyehesabu Pumzi za Kondoo

Mchungaji, baba na mama, wakwe zetu wa Maneromango na nyote mliofika msibani, shikamooni. Mimi ni Juliana Maige, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nitasoma harakaharaka, mtanisamehe, sitaki kulia kabla sijafika mwisho.

Marehemu Modesta Maige alizaliwa tarehe 14 Machi 1997 kule Kwala, Kibaha, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Maige na Mama Holo, waliohamia Pwani na ng'ombe wao kutoka Maswa, akasoma shule ya msingi hapohapo Kwala kuanzia mwaka 2004 hadi 2010, sekondari Kibaha mjini mwaka 2011 hadi 2014, na mwaka 2017 akahitimu cheti cha afya ya mifugo huko Morogoro.

Februari 2018 aliajiriwa Kibaha kwenye kituo kimoja cha utafiti, na kazi yake wengi mliichekea, kwamba mtu kasoma miaka yote hiyo aje kuhesabu pumzi za kondoo, basi leo niieleze. Wataalamu pale waliwatia kondoo vijidudu kwenye damu ili wajue mwili unafanya nini sumu ikishaenea, na Modesta ndiye aliyekaa nao, akishika mshipa, akipima presha, akitazama mbavu zinavyopanda na kushuka. Aliniambia kinachodanganya ni mwanzo, maana kondoo anakuwa wa moto hadi miguuni, moyo unakimbia, mishipa imelegea na damu inapita kwa wingi, anahema kama amefukuzwa na fisi, na mgeni akimgusa anasema huyu mzima, kumbe presha inashuka, halafu miguu inapoa, fizi zinageuka kijivu, na hapo hata dripu inakuwa ya kubahatisha. Siku kama hizo alirudi nyumbani asitake hata kuiona nyama.

Tarehe 11 Desemba 2021 alifunga ndoa hapa Maneromango na Evance Pazi, dereva wa malori ya mizigo, na tarehe 2 Juni mwaka huu wa 2025 Mungu akawajalia mtoto wa kiume, Gideon, aliyezaliwa salama zahanati, na kesho yake, kwa kuwa shemeji alikuwa safarini Tunduma, mama na mtoto wakaletwa hapa kwa mama mkwe, Bibi Mwanne, ili mzazi akandwe na maji ya moto kama ilivyo desturi.

Homa ilianza tarehe 5. Mimi nilifika tarehe 6 na mwanangu mgongoni, nikakuta dirisha limezibwa kwa khanga, maji ya jana ya majani ya mpera yanachemshwa upya kwenye beseni lilelile, kitambaa kilekile, na udi unafuka, na naomba radhi kusema hadharani, ila ile harufu haikuwa ya uzazi, ilikuwa ya kitu kinachooza, na kila aliyeingia aliisikia, akaziba pua kwa upindo wa khanga, akatoka akasema mzazi anaendelea vizuri. Nilisikia kinyaa, na hadi sasa ninacho.

Bibi Mwanne alimshika miguu akasema, "Ya moto! Damu inatembea, maji yangu yamejibu." Dada, akihema hivyohivyo, akamwambia, "Mama, joto hili ndilo baya, nipelekeni hospitali." Raudha, shangazi yake Evance, akacheka, "Mkwe, humu hamna kondoo, humu mna watu." Na mimi nilipofungua mdomo nikaambiwa, "Nyamaza, nyonyesha wako, uzazi si kuchunga ng'ombe." Tarehe 8 miguu ikapoa, mkashangilia kwamba homa imeshuka, mkamshukuru Mungu, nami nikaona fizi zake. Tarehe 9 ndipo jirani, Rajabu, akatubeba na gari lake la mihogo kwenye barabara hii mnayoijua, tukafika Kisarawe, na saa nane mchana Modesta akafariki, akiwa na miaka ishirini na minane. Kondoo wa Kibaha alikuwa na mtu wa kumhesabia pumzi, mke wa mtu akapewa majani ya mpera.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisarawe, walihangaika naye hadi jasho likawatoka, tunawashukuru wafanyakazi wenzake waliokuja kutoka Kibaha wakiongozwa na Bwana Leodegar, na majirani mliopika, hata mlioziba pua, asanteni kwa ubwabwa.

Sijamaliza. Gideon yuko mle ndani. Nimekuwa nikimnyonyesha pamoja na wangu, na tangu asubuhi hashiki ziwa, ni wa moto, anahema haraka hadi chini ya mbavu panabonyea, nimesema, nimepiga magoti mbele ya shemeji na Bibi Mwanne, najibiwa kitovu hakijaanguka, mtoto hatoki, tena hatoki kabla mama yake hajazikwa. Sasa mimi ni Msukuma, ninyi Wazaramo, utani wetu mnaujua, mtani ana haki ya kulizuia jeneza hadi apewe anachotaka, na mmezoea kutuchekea, mnatupa kuku tunaondoka. Leo msicheke. Nakaa hapa juu ya jeneza la dada yangu, sitaki kuku, sitaki hela, nataka Gideon atolewe mle ndani apakiwe kwenye gari la Bwana Leodegar, mimi nitapanda naye hadi Kisarawe, ninyi mbaki mzike. Mkinivuta mnivute mbele ya mchungaji. Aliyelala humu anaweza kusubiri, mwanawe hawezi.

Dada Modesta, pumzika kwa amani, ila nivumilie kidogo nilivyokukalia, hadi wamlete.