Nyota Aliyoishtaki Isaiah Mukhwana

Mchungaji, wazee wetu, majirani na wageni mliofika hapa Matungu, familia imemtuma shemeji wa marehemu, ndiye mimi, asome, mtu ambaye ametembea nchi nyingi na kupotea katika kila mji, kwa hivyo akiruka mstari mumvumilie.

Isaiah Mukhwana alizaliwa tarehe 9 Mei 1960 hapahapa Matungu, mtoto wa pili wa mkulima wa miwa, akasoma shule ya msingi hapa, ya upili mjini Kakamega, kisha fizikia Nairobi, na mwaka 1988 akaajiriwa katika kituo cha kutazama nyota kusini mwa Afrika. Tarehe 15 Desemba 1990 alimwoa Pascalia Ayuma, wakajaliwa Mitchel na Protus.

Kazi yake, kwa sisi watu wa miwa, ilikuwa kama kulinda lile jiwe la kukagulia mizani, kwani ziko nyota ambazo nyingine zote hupimwa kwazo, naye alipima miaka nenda miaka rudi kila moja inatoa nuru kiasi gani katika kila rangi, ijulikane kama bado ni ya kuaminika. Mwaka 2013 moja ilionekana kupungukiwa na rangi ya buluu ikilinganishwa na jirani yake, yeye na wenzake wakasafisha kioo cha darubini, wakabadilisha vifaa, ikazidi kupungua, basi ikafutwa kazi kwa ushahidi wa Mukhwana peke yake.

Alistaafu mwaka 2020, akarudi nyumbani na ile nyota. Alisemanga inamtazama kama mtu aliyefukuzwa kijijini bila shahidi, akageuza kiti akaipa mgongo, lakini akaihisi kwenye kisogo, na jirani yetu Wekesa alipomtania, "Mwalimu, ikija kudai ipe ingokho, kuku mmoja tu, iende zake," alicheka vizuri, kisha akainuka kufunga dirisha.

Mwaka 2023 alipatikana na ugonjwa wa sukari, ukafika kwenye figo, na akiwa kitandani alimwomba Jepkorir, mwanafunzi wake aliyebaki kituoni, aipime ile nyota upya, akamwambia mkewe, "Mama Mitchel, siku mtakapouliza nani ana madai kwa marehemu, hata ile ina haki."

Alifariki tarehe 14 Agosti 2025, kabla ya jibu. Jumamosi Jepkorir alipiga simu akilia: ile nyota haikubadilika kamwe, ni ile nyota jirani iliyoongezeka nuru ya buluu. Tulibishana kama tuseme hadharani, Wekesa akisema kosa la mtu lizikwe naye, lakini Pascalia akasema, "Hawezi kulala huku mtu amesimama mlangoni."

Kwa hivyo, kama desturi yetu inavyotaka madai yaishe kabla ya udongo, familia inatangaza mbele yenu kwamba ile nyota haikuwa na hatia, Mukhwana alikosea, na imerudishwa kazini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa kituoni, hasa Jepkorir, ambaye hakutuficha.

Pumzika sasa, Mukhwana; kosa tumelisema, amani ni yako.