Reli ya Meza ya Msumeno

Dada seremala alipanda basi akiwa amekunja uso. Alihitaji reli ya kutelezesha ule ubao wa pembeni wa meza yake ya msumeno, unaoongoza mbao zikatwe zikiwa zimenyooka. Bei aliyotajiwa dukani ilimfanya ahisi kama anauziwa duka zima.

Akamweleza mzee aliyeketi kando yake, fundi wa madirisha ya vioo, aliyepakata fungu la vipande vya aluminiamu.

"Mwanangu, hiyo reli ina nini cha ajabu?" akauliza mzee. "Ni mfereji tu, kichwa cha bolti kinaingia, kinateleza. Mabaki ya fremu kama haya sisi tunayatupa."

"Fremu ya dirisha, baba? Itacheza. Mimi natengeneza milango ya watu!"

"Itacheza ukiifunga ovyo. Una bolti?"

Seremala gani akakosa bolti? Alitoa moja mfukoni, akaichomeka kwenye kipande, akaisukuma. Ikateleza mpaka mwisho bila kukwama. Dada akaangua kicheko, na abiria wa nyuma akaomba naye aisukume.

"Bado nasema itacheza," akasema dada, lakini kile kipande hakukiachia.

"Chukua viwili. Kavifunge, kisha uje unitukane."

Basi likasimama, mzee akashuka. Dada akatoa kichwa dirishani. "Na ikicheza, baba, nikutafute wapi?"

"Popote utakapoona dirisha linalofunguka vizuri!"