Gentil Semana, aliyetembeza picha za kilima chetu

Marehemu Gentil Semana Nzabandora alikuwa mutoto wa Straton Semana, yule aliyevusha ng'ombe za jamaa wakati wa vita bila kuacha hata ndama. Alikuwa mujukuu wa muzee Nzabandora, aliyefungua njia ya maziwa kutoka kilimani mpaka Mweso. Yeye mwenyewe aliwapatia watu wa camp yetu ya wakimbizi filme ya kwetu, yenye kuchorwa na mukono wake.

Alizaliwa Nyabiondo, tarehe 14 mwezi wa nne 1997. Mama yake, wifi yangu, aliitwa Kayitesi. Mwaka wa 2007 tulikimbia vita kuelekea Kibua, na risasi ilimupata Kayitesi mu njia, mutoto wake mudogo Umutoni akiwa mugongoni mwake. Mutoto alipona. Mama tulimuzika pale pale, bila sanduku, na tukaendelea kutembea. Gentil aliona yote.

Alisoma primaire Kibua na secondaire Mweso, akapata diplôme d'État 2017. Kazi ya mwalimu haikupatikana. Akafungua salle ya video, chumba cha kuonyesha filme kwa umeme wa jua wa panneau solaire, na watoto wa camp wakajaa kutazama picha za kuchorwa, zile wanaita desen anime, za Amerika na za Japani. Gentil alikuwa anasimamisha filme katikati, watoto wanapiga kelele, yeye anatazama tu vile mukono wa muchoraji ulifanya.

Alitufundisha hata sisi wazee. Wamarekani, alisema, wanachora picha nyingi kwa hatua moja. Mwili unavutika na kubonyea kama mupira, kinywa kinafuata kila neno, hata nyama wa pori anaimba. Wajapani wanaweza kumuacha muntu amesimama kimya, nywele peke njo inapeperuka, ao wanasogeza mawingu nyuma yake. Nguvu ya mukono wanaiweka kwa pigo ao kwa chozi. "Shangazi, hakuna muvivu kati yao," aliniambia. "Kila mumoja anajua nafasi ya kutumia karatasi yake."

Akaanza filme yake: kilima cha Nyabiondo vile kilikuwa mbele ya vita. Alikuwa anaweka taa chini ya kioo cha dirisha, karatasi juu ya karatasi, na kupiga kila moja foto kwa simu. Ng'ombe wa kwanza alimuchora kwa njia ya Amerika. Baba yake akatazama.

"Huyu ng'ombe amekunywa pombe ya kasiksi? Akiruka hivi, maziwa itafika Mweso ikiwa siagi!"

"Papa, Wamarekani wanapenda mwili ucheze."

"Basi wamukamue wao!"

Tulicheka sana siku ile. Gentil akachora tena, kwa njia ya Japani: ng'ombe amesimama, sikio tu na taya njo vinatembea, ukungu unapita nyuma. Straton hakucheka tena. Alisema, "Ni Bihogo," akatoka inje. Bihogo ni ng'ombe wake tuliyemunyang'anywa kisha ya kuvuka.

Alioa Claudette Tuyishime tarehe 7 mwezi wa nane 2021, kanisani Mweso. Mungu aliwapa Shema.

Filme ilikwisha na watu wa camp wakaitazama, isipokuwa sehemu ya mama. Mwisho wake ni Kayitesi kushuka kilima na kuingia nyumbani. Gentil alimuchora akikimbia, mikono wazi, kicheko kikubwa. Akapasua. "Mama hakunikimbilia hata siku moja. Alikuwa na maziwa kichwani." Akamuchora amesimama, kitenge peke kinapepea. Umutoni, aliyekuwa anamusaidia kupaka rangi, alisema: "Kaka, huyu amekufa."

"Ni kweli alikufa."

"Mu filme asikufe."

Akaweka karatasi chini. Kisha ugonjwa ukamufunga mukono.

Figo njo zilimushinda, tangu mwezi wa tano 2025. Vidole vilivimba, kalamu ikawa inaanguka. Waganga wa hospitali ya Mweso walifanya yote waliyoweza. Walisema apelekwe Goma, lakini vita ilikuwa imefunga barabara. Alikata roho tarehe 3 mwezi wa kumi, asubuhi, akiwa na miaka makumi mbili na minane.

Anaacha baba yake Straton, bibi yake Claudette, mutoto Shema, dada yake Umutoni, na mimi shangazi yake ninayesoma. Udongo huu umupokee polepole, na Bwana amupumzishe kwa amani.

Neno lake la mwisho lilikuwa kwa Umutoni, yeye akaliandika, na ninalisoma mbele yenu wote ili lisipotee:

"Mama sikumuweza. Mara ya kwanza nilimuchekesha, mara ya pili nikamusimamisha. Wewe humukumbuki, lakini Shangazi anakumbuka mutembeo wake. Umutwishe Shangazi chombo cha maziwa, atembee mbele yako, uchore kila mguu. Mama usimuongezee kicheko. Na usimusimamishe mu njia, Umutoni. Umufikishe nyumbani."