Alama za Nyundo Ndani ya Tangi

Fundi: Haloo, nakusikia. Namba hii siijui. Nani mwenzangu?

Mama Bustani: Ni mimi, shemeji.

Fundi: Shemeji yupi? Ninao wengi.

Mama Bustani: Mke wa kaka yako. Yule ambaye ukiona namba yake unaiacha simu ilie mpaka ichoke yenyewe.

Fundi: Aa! Shemeji yangu! Jamani, mbona —

Mama Bustani: Hii ni simu ya mlinzi wa jengo. Nimeona nikipiga kwa yangu utakuwa bafuni tena.

Fundi: [anacheka kidogo] Sivyo, shemeji. Kazi zimenielemea tu. Hamjambo huko? Mwana wa kaka hajambo?

Mama Bustani: Hatujambo. Mwanao amenipita kimo. Mkeo je?

Fundi: Mzima. Yuko jikoni anagombana na masufuria yake.

Mama Bustani: Na nyumba mpya mmeizoea?

Fundi: Tumeizoea, namshukuru Mungu.

Mama Bustani: Nasikia umeifunika kwa zege tupu. Fundi wa mabati na mifereji, kisha paa lake mwenyewe halina bati hata moja!

Fundi: Zege ni imara.

Mama Bustani: Mkeo aliniambia ni kwa ajili ya kelele za mvua.

Fundi: Huyo naye akipata msikilizaji... Zege ni imara, shemeji. Sema, nikusaidie nini?

Mama Bustani: Nataka kipimo cha plasta ya tangi. Saruji kiasi gani kwa mchanga kiasi gani.

Fundi: Tangi? Tangi gani?

Mama Bustani: Mimi natunza bustani moja tu, shemeji, na bustani hiyo ina tangi moja tu.

Fundi: Si walilifunga lile?

Mama Bustani: Walilifunga. Sasa wamelifungua. Serikali ya mji imekataza maji ya bomba kumwagiliwa bustani za maofisi. Mwenye jengo ameniita, akaniambia: ama bustani hii inywe maji ya mvua kama zamani, ama ing'olewe yote, mahali pake pawekwe vigae na magari yaegeshwe.

Fundi: Vigae! Pale mbele pote?

Mama Bustani: Pote. Mishubiri yote aliyoipanda kaka yako, ile mikonge ya mapambo, na mipira ya kumwagilia kwa matone aliyoilaza chini ya matandazo kwa mikono yake. Unakumbuka walivyomcheka alipong'oa nyasi zao za kizungu? Akawaambia: "Nyasi hizi zinakunywa kama wageni wa arusi. Nitawapandia mimea yenye adabu."

Fundi: [anacheka, kisha anaacha] Nakumbuka.

Mama Bustani: Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi. Nimeimwaga yote kwenye mtaro, iondoke na vumbi la paa na mavi ya ndege, kama alivyonifundisha. Ya pili ndiyo nitakayoipokea, na wingu lake ninaliona. Kwa hiyo plasta lazima ipigwe leo, ipate usiku mmoja wa kushika. Haya, kipimo.

Fundi: Ndoo moja ya saruji, tatu za mchanga uliochekechwa. Na ile dawa ya unga ya kuzuia maji, kopo moja. Lakini kwani plasta ina nini? Ile plasta niliipiga mimi. Haina ufa.

Mama Bustani: Haina ufa. Ina mashimo.

Fundi: Mashimo? [mtandao unakwaruza] Shemeji, mbona sauti yako inanirudia mara mbili? Unapigia wapi?

Mama Bustani: Ndani.

Fundi: Ndani wapi?

Mama Bustani: Ndani ya tangi.

Fundi: Toka! Shemeji, toka humo sasa hivi! Ile hewa —

Mama Bustani: Usinipigie kelele. Mifuniko yote miwili iko wazi tangu juzi, na feni kubwa ya ofisini imepuliza humu jana mchana kutwa. Tope limekauka, halina harufu. Kamba ninayo kiunoni na ngazi iko mbele yangu.

Fundi: Nani yuko juu?

Mama Bustani: Mlinzi. Amekaa mdomoni pa tangi na kiti chake. Nimemwambia asinyanyuke hata akiitwa na mwenye jengo, hata nyumba yake ikiungua. Aliye juu haondoki. Si ndiyo sheria yenu?

Fundi: Ndiyo.

Mama Bustani: Nikumbushe na iliyobaki. Aliye chini anagonga ukuta. Mara moja?

Fundi: Shemeji, toka kwanza, tutaongea —

Mama Bustani: Mara moja?

Fundi: "Niko salama."

Mama Bustani: Mara mbili?

Fundi: "Shusha ndoo."

Mama Bustani: Mara tatu?

Fundi: [kimya]

Mama Bustani: Haloo? Mtandao umekatika?

Fundi: "Nitoe."

Mama Bustani: Ahsante. Ukuta huu ulikuwa umefunikwa na tope lililoganda. Asubuhi nimeusugua kwa brashi ya waya. Chini ya tope kuna alama za nyundo, shemeji. Vishimo, kila kimoja kinatosha kidole gumba. Vitatu, halafu nafasi. Vitatu, halafu nafasi.

Fundi: Hizo... hizo ni zangu. Nilikuwa nachokonoa plasta ya zamani kabla —

Mama Bustani: Plasta ya zamani ilichokonolewa tatu tatu?

Fundi: Huenda —

Mama Bustani: Nimezihesabu mara mbili kwa tochi. Ni makundi kumi na tisa. Ya kwanza yako usawa wa kifua changu, na yameingia ndani sana. Aliyegonga alikuwa na nguvu zake. Yanayofuata yako kiunoni. Yanayofuata, gotini. Mawili ya mwisho yako hapa, karibu na sakafu. Haya hayakuingia. Yamekwaruza tu. Uliniambia hakugonga.

Fundi: Shemeji —

Mama Bustani: Uliniambia mbele ya mama yenu, juu ya mkeka, siku tuliyomzika. "Nilikuwa mdomoni muda wote. Hakugonga hata mara moja. Alinyamaza tu." Hayo ndiyo maneno yako, sikuongeza wala sikupunguza.

Fundi: Ndiyo maneno yangu.

Mama Bustani: Unajua wamefanya nini na maneno hayo? Hapa kila msimu kuna mafunzo ya usalama. Tunakusanywa wote kantini, wasafishaji, mafundi, mimi. Meneja anasimama, anasema: "Palikuwa na mfanyakazi hapa, alishuka ndani ya tangi akapuuza kugonga. Msiwe kama yeye." Mara ya kwanza nilidhani kwa kuwa niko pale watamruka. Hawakumruka. Nimeyasikiliza mara nne, shemeji, nikiwa nimekaa na kikombe changu cha chai. Na mwanao mwaka huu anaanza kazi za likizo hapahapa. Naye atakaa kwenye benchi lilelile.

Fundi: Sikujua habari ya mafunzo. Wallahi sikujua.

Mama Bustani: Ungejuaje? Hukanyagi hapa. [mtandao unakwaruza] Ulikuwa wapi?

Fundi: Nilikuwa... hapohapo.

Mama Bustani: Mtu aliye hapohapo anasikia. Nimemgongea mlinzi sasa hivi mara moja, kidogo tu, amenijibu "Naam, mama!" mpaka masikio yameniuma. Ulikuwa wapi?

Fundi: Shemeji, mke wangu yuko karibu —

Mama Bustani: Basi nenda uani. Nitangoja.

Fundi: [mlango unafungwa] Nilikuwa juu ya paa.

Mama Bustani: Paa la jengo?

Fundi: La jengo. Wingu lilikuwa limeshuka ghafla. Mfereji wa paa ulikuwa umejaa majani mpaka juu. Nikasema mvua ikipiga, yote hayo yatateremka kwenye tangi, nasi tumelisafisha tangu asubuhi. Nikamwambia, "Kaka, dakika tano." Sijui kama alinisikia.

Mama Bustani: Ulipandaje?

Fundi: Nini?

Mama Bustani: Paani. Ulipandaje?

Fundi: Si nilipanda tu.

Mama Bustani: Shemeji, ulipanda kwa kitu gani?

Fundi: Kwa ngazi.

Mama Bustani: Ngazi gani?

Fundi: Tulikuwa na moja tu.

Mama Bustani: [kimya kirefu]

Fundi: Shemeji? Shemeji, uko? Jibu basi. Usinyamaze ukiwa humo ndani. Shemeji!

Mama Bustani: Nipo. Nimeushika ukuta tu.

Fundi: Niliivuta kwa dakika tano. Kila siku tulikuwa tunafanya hivyo, si mara moja! Yeye mwenyewe alikuwa ananiambia, "Ichukue, nitaihitaji jioni." Hakuna siku iliyoleta neno. Ila siku hiyo alikuwa amelikoroga lile tope la chini kabisa, na hewa yake... sikujua. Nikafika juu, mvua ikaanza kupiga bati. Na nilimsikia.

Mama Bustani: Ulimsikia?

Fundi: Bomba la kuteremshia maji limetoka tangini likapanda mpaka mferejini, si unalijua? Sauti ilipanda humo. Ngo, ngo, ngo. Nikasema ni bomba linacheza kwenye vibano vyake. Mvua, bati, upepo... Nikaendelea kutoa majani. Nikajisemea, kesho nitakaza vile vibano. Nilisikia mara nyingi, shemeji. Mara nyingi mno. Halafu nikaona limetulia, nikafurahi. [sauti inakatika] Nilifurahi kwamba limetulia.

Mama Bustani: Kumi na tisa.

Fundi: Sikuhesabu.

Mama Bustani: Nimekuhesabia.

Fundi: Ndiyo maana sina bati. Popote mvua inapopiga bati namsikia. Kazini nikipanda paa la mtu namsikia. Juzi mteja ananiambia, "Fundi, mbona unaongea na bomba?" Nilikuwa namjibu, shemeji. Nilikuwa nasema, "Nashuka."

Mama Bustani: Na hapa wanalisikia.

Fundi: Wanasikia nini?

Mama Bustani: Bomba lilelile. Wapangaji wa juu wamelalamika asubuhi, mvua ilipoanza. Wanasema linagonga mara tatu, linapumzika. Nimepanda mwenyewe, nimekaza vibano vyote, nimelifunga kwa waya. Halichezi hata ukilitikisa kwa mikono miwili. Likagonga.

Fundi: Usiniambie hivyo.

Mama Bustani: Nakuambia nilichokisikia. Sijakuambia ni nini.

Fundi: Mama anajua?

Mama Bustani: Mama yenu kila mwezi ananiuliza swali moja: "Mwanangu alianza uzembe lini?" Namwambia sijui. Sasa najua. Hakuanza.

Fundi: Unataka nifanye nini, shemeji? Sema lolote. Nitalifanya.

Mama Bustani: Mashimo haya yakiachwa, maji yatapita. Nimekwisha kuyamwagia maji ndoo moja, nimeona yanavyonyonywa. Tangi likivuja, bustani inakufa. Bustani ikifa, vigae. Kwa hiyo lazima yazibwe leo. Nilishuka na mwiko wangu nikiwa tayari. Nikauinua mkono, ukakataa. Siwezi kumziba mdomo mume wangu.

Fundi: Acha. Nitatafuta kijana —

Mama Bustani: Hakuna kijana. Utayaziba wewe.

Fundi: Mimi?

Mama Bustani: Kwanza utaingia ofisini kwa meneja, umwambie hayo uliyoniambia, na habari ya ngazi usiiruke. Utamleta hapa mdomoni achungulie kwa tochi. Kisha utashuka. Utatia kidole chako katika kila shimo kabla hujalijaza. Jioni tutakwenda wote kwa mama yenu.

Fundi: Shemeji, mimi siwezi kuingia humo. Uniue hapahapa nilipo. Siwezi. Miguu yenyewe —

Mama Bustani: Kaka yako naye miguu ilimwishia. Mlinzi anasema salio lake linaisha, na anamaliza zamu saa tisa. Napanda sasa. Unakuja, huji?

Fundi: Mlinzi akiondoka... nani atakaa juu?

Mama Bustani: Mimi.

Fundi: Wewe peke yako?

Mama Bustani: Kuna mwingine unayemwamini zaidi?

Fundi: Sikusema hivyo. [mtandao unakwaruza] Shemeji, nikiwa chini... utakaa pale? Muda wote?

Mama Bustani: [kimya]

Fundi: Nikigonga, utaniitikia?

Mama Bustani: Utalijua ukishashuka.

Fundi: Shemeji —

Mama Bustani: Saruji naichanganya sasa hivi. Ikishika kabla hujafika, tumeharibu zote. Haya.

Fundi: Subiri, usikate. Nachukua mwiko. Nakuja.