Biskuti ya Pili

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la mikate, linatazama njia panda ya kwenda Assen, na kijiji kizima kinaliita benchi la waongo, mchungaji wa kanisa akiwemo. Kila siku saa nne asubuhi Geesje huleta themosi ya kahawa na kopo la biskuti. Kikombe kimoja, biskuti moja, kopo linafungwa. Hivyo ndivyo tulivyo huku Drenthe, Uholanzi, na anayenyoosha mkono mara ya pili atasemwa mpaka Pasaka. Alhamisi ile Lammert alikuja hajanyoa ndevu, akakaa, na biskuti yake hakuigusa.

— Wubbo anakuja Jumamosi, akasema. Yuko Hamburg kikazi, atapitia hapa siku moja kabla ya kurudi New Zealand.

Wubbo ni mwanawe wa pekee. Alilikataa shamba la viazi la baba yake, wakatupiana maneno mabaya, akaondoka, na sasa ni miaka kumi na minane. Mimi nilikuwa tarishi hapa. Barua zote za New Zealand nilizipeleka mlangoni kwao kwa mkono wangu, na zote zilikuwa za mama yake, Trijn. Kwa Lammert haikuja hata moja. Trijn alipofariki mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, kijana akayatazama mazishi ya mama yake kwenye simu.

— Siku moja tu jamani, akasema Lammert. Nimpeleke wapi? Nimlishe nini?

— Mawe! akadakia Hindrik, tunayemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Mpeleke Borger kwenye yale makaburi ya mawe makubwa.

— Kazaliwa hapa huyo, Redio, nikamwambia. Kachania suruali ngapi juu ya mawe hayo!

— Lakini ukweli hajaambiwa. Yale mawe aliyabeba mwanamke mmoja kwenye aproni yake. Peke yake!

— Mwanamke gani tena?

— Wa ukoo wetu.

— Acha zako! Ukoo wenu hata ndoo ya maji mnabebewa.

Hapo Jans akakohoa. Huyu tunamwita Profesa, maana kwa miaka saba alikuwa dereva wa daktari wa nguruwe.

— Sikilizeni, damu ya mtu inajengwa na alichokula utotoni. Lammert, mpikie viazi vya kuponda na sukuma wiki, juu yake soseji ya moshi. Vile viazi vitaivuta damu yake irudi nyumbani. Kwenye ndege hapandi!

— Kwa uzito? nikamuuliza.

— Kwa damu, bwana wee! Hili jambo la kisayansi.

— Mwambieni ampe zabibu zilizolowekwa kwenye brandi, akasema Geesje, zile za harusini.

— Kwani anakuja kuoa?

— Vijiko vitatu tu, na mtu wa Drenthe anaanza kuongea. Huyu Lammert alimposa Trijn kwenye kijiko cha nne. Nilikuwepo, nilihesabu.

Lammert akatabasamu kidogo, na Redio akaona hiyo ndiyo nafasi yake.

— Basi mpeleke mbugani akaone kondoo.

— Kondoo? Mtu anatoka New Zealand, kwenye kondoo wengi kuliko watu, umpeleke kuona kondoo?

— Wetu wana pembe! Na wanajua Kidrenthe. Mwaka jana mmoja alinisalimu.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Lammert hakucheka.

— Nyie chekeni, akasema. Mimi Jumamosi nitakaa na yule kijana mezani, saa ya ukutani inagonga, na sina la kumwambia. Trijn ndiye aliyekuwa akiongea. Naogopa, jamani.

Iliniuma kumsikia. Hapo akapita Femke na mbwa wake, yule mama aliyehamia kutoka Utrecht juzijuzi. Alikuwa ameyasikia, nani asiyetusikia?

— Samahani, akasema. Mwenyewe amesema anataka nini?

Redio akatazama viatu vyake. Profesa akafuta miwani.

— Hatujamuuliza, akasema Lammert.

— Basi si umuulize?

Huku kwetu hatuulizani mambo kama hayo. Lakini Lammert alitoa simu, akampigia mwanawe, akaiweka kwenye spika kwa sababu ya masikio yake.

— Wubbo. Ni baba.

— Kuna nini? Unaumwa?

— Siumwi. Hiyo Jumamosi... unataka kula nini? Unataka kwenda wapi?

Badala ya kujibu, Wubbo naye akauliza.

— Lile benchi lenu bado lipo?

— Nimelikalia.

— Basi nataka kukaa hapo. Zamani nikipita na baiskeli nilikuwa nakusikia unacheka. Nyumbani ulikuwa huchekagi, baba. Nataka nikae hapo na wewe, ninywe kahawa.

Lammert akalitazama kopo la Geesje.

— Biskuti ni moja tu, akasema.

— Najua, baba.

Simu ilipokatwa Geesje akalichukua kopo, akalifungua kwa mara ya pili, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nimjue, akamwekea Lammert mapajani bila kifuniko. Sisi wengine tukaanza kusogeleana, tukipima kama mtu wa sita ataenea. Hakuenea.

— Jumamosi mimi nitasimama, akasema Redio. Na sitasema kitu.

— Muongo! tukamjibu wote, na safari hii Lammert alicheka.