Toa Mbili: Maisha ya Kaka na Kipimo Chake

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na naomba mnivumilie, kwa kuwa kuna sehemu nimeiongeza leo asubuhi na wenzangu hawajaiona.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akajifunza useremala kwa mjomba wetu mpaka 1977, na tarehe 6 Desemba 1980 akafunga ndoa na shemeji yangu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa watoto wanne, na wote wapo. Mwaka 1985 alifungua karakana nyuma ya nyumba, nikajiunga naye, na mwaka 1988 akanunua mashine ya randa iliyochoka, ambayo visu vyake havikukaa sawa hata ufanyeje.

Hapo ndipo alipotengeneza kile kipimo, kipande cha mti mgumu kilichotobolewa katikati na kufungwa saa ya kupimia aliyoiokota kwenye vyuma chakavu, unakiweka juu ya meza ya mashine, ncha inagusa kisu, na mshale unakuonyesha kisu kimepanda au kimeshuka hata kwa unene wa karatasi. Kilimchukua miezi minne, vitatu vya kwanza akavitupa, na hicho cha nne hakuruhusu mtu akiguse. Ilikuwa rahisi kuazima baiskeli yake, redio yake, hata suti yake ya harusi, kuliko kipimo hicho. Akitaka kupima alitutoa nje sote, ukimwomba akufundishe anakwambia utajua nikifa, na kusema kweli jambo hilo lilinikera kwa miaka thelathini na sita, na bado linanikera nikiwa nimesimama hapa.

Mwezi Agosti 2022 aliugua figo, akalazwa wiki tano, nami nilipobaki peke yangu nikakitoa kipimo kwenye sanduku lake, nikagundua kitako kimepinda na mshale unaonyesha mistari miwili zaidi. Nikaona nimfanyie hisani, nikakisugua kwa msasa mpaka kikanyooka, nikakirudisha, nikanyamaza, nikingoja siku atakayokuwa na furaha nimwambie. Alirudi, akapima visu, akaranda mbao, zikatoka mbovu, akarudia mara tatu, zikatoka mbovu vilevile, ndipo akavua aproni akaniambia macho yameniishia, mdogo wangu, shika kazi. Nikadhani ni ugonjwa, habari ya kipimo nikaimeza, na tangu siku hiyo, tarehe 3 Oktoba 2022, hakukanyaga tena karakana iliyo hatua ishirini kutoka kitandani kwake.

Alifariki tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, hospitalini. Jana nilipokuwa naandaa mashine ili nirande mbao za jeneza hili, shemeji alisimama mlangoni, akaniona nasoma mshale, akauliza, "Mbona wewe husemi toa mbili?" Kumbe kaka alijua siku zote kwamba kipimo kimepinda, kila akikisoma alinong'ona toa mbili, mkewe akimsikia kupitia dirisha la jikoni, na aliporudi kutoka hospitali alitoa mbili kwenye kipimo ambacho nilikuwa nimeshakinyoosha.

Kaka, nimekukasirikia kwa kuninyima maneno mawili tu, na ninajikasirikia zaidi, maana ningefungua mdomo siku ile ungepata miezi ishirini zaidi ya kazi uliyoipenda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliompeleka kliniki kila wiki bila kuchoka, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo. Mtakaopita karibu na jeneza mtaona mbao zimekutana, nilipima kwa kipimo chake, sikutoa kitu.

Macho yako yalikuwa mazima, kaka. Pumzika kwa amani.